Tupeane uzoefu: Konsoli mpya imeharibika ndani ya siku chache, ulibadilishiwa au ulirudishiwa hela?

Mama Kijana (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Nafungua uzi huu kwa sababu nilipokuwa nahangaika na konsoli (mashine ya gemu) ya mwanangu sikupata sehemu ambayo watu wameeleza kwa urefu walivyofanya mpaka wakapata haki yao. Aliyepitia hili aweke kisa chake, awe alishinda au alishindwa, na aseme ni kitu gani hasa kilimsaidia au kilimwangusha.

Naanza na changu. Konsoli ilikuwa mpya, boksi nimelifungua mwenyewe, nailoni ya kiwandani bado iko kwenye pedi ya kuchezea. Siku mbili za kwanza haikuwa na shida yoyote. Siku ya tatu ikaanza kuzima. Ukikaa kwenye menyu hata saa nzima iko salama, ukiweka gemu zito, dakika kama ishirini hivi skrini nyeusi, taa imekata. Mwanangu alikuwa anabaki ameishika pedi kwa mikono miwili, haulizi kitu, ananitazama tu mimi.

Nikaipeleka dukani. Jibu la kwanza: "Mama, huo ni umeme wa kwako." Wakaichomeka pale, ikakaa kwenye menyu dakika tano, wakasema nzima hii, nikarudishiwa mashine yangu ile ile.

Sikubishana. Niliipeleka kwa dada yangu, nyumba nyingine, TV nyingine, waya tukauchomeka ukutani bila kupitia ekstensheni. Nikaweka saa ya mezani pembeni ya TV, nikarekodi kwa simu bila kukata tangu inawashwa mpaka inazima. Dakika 22. Kesho yake nikarudia, dakika 19. Nikarudi dukani na video zote mbili, risiti, na karatasi niliyoandika kwa mkono: tarehe ya kununua, tarehe tatizo lilipoanza, siriali namba, na kwamba ninataka nibadilishiwe. Chini nikaacha nafasi. Nikamwambia kijana wa kaunta, "Mwanangu, kama mnakataa, naomba uniandikie hapa kwamba mmekataa na sababu yake, uweke jina lako na tarehe."

Hakuandika. Aliingia ndani akatoka na msimamizi wake. Wakakaa nayo siku 4 kuijaribu, ikawazimia na wao, nikapewa nyingine mpya.

Ninyi wenzangu ilikuwaje?

Fundi Soketi

Dada umefanya kazi ya fundi bila kujijua. Mashine inayozima kwenye gemu zito tu, mara nyingi ni joto au pawa saplai. Kwenye menyu chipu haifanyi kazi kubwa, kwenye gemu inavuta umeme mwingi na joto linapanda, kama kuna kasoro ndipo inapojitokeza. Ndiyo maana dakika tano za menyu dukani hazithibitishi kitu. Mtu akikwambia ni nzima, mwombe aweke gemu lile lile na asubiri muda ule ule.

Nimefungua konsoli nyingi kwa kazi yangu, na nawaomba sana: ikiwa bado iko ndani ya waranti msiifungue, na msimpe fundi aifungue, hata mimi. Parafujo ikiwa na mkwaruzo tu, mjadala unahama kutoka kwenye ubovu wa mashine kwenda kwenye nani aliigusa. Marekani ile Tume ya Biashara ya Shirikisho mwaka 2018 iliziandikia kampuni 6, watengenezaji wa konsoli wakiwemo, ikizionya kwamba kusema waranti inakufa kwa sababu tu stika ya kuonyesha kama mashine imefunguliwa imebanduliwa ni kinyume cha sheria yao. Lakini hiyo ni kwao, na hata huko ukishaifungua unajiongezea safari.

Kabla ya kurudi dukani jaribu haya, maana utaulizwa: waya mwingine wa HDMI (ule wa picha), mlango mwingine wa HDMI kwenye TV, soketi nyingine, sehemu yenye hewa. Sasisha mfumo. Kwa PlayStation 4 na 5, ukiwa umeizima, bonyeza kitufe cha kuwasha bila kuachia mpaka usikie mlio wa pili, itaingia kwenye menyu ya matengenezo, pale kuna chaguo la kujenga upya hifadhidata ambalo halifuti magemu yako. Ikitoa namba ya kosa, ipige picha. Halafu, nasisitiza, USIFANYE reseti ya kiwandani kabla hujarekodi tatizo. Watu wanareseti, kosa linajificha siku tatu, linarudi siku za kurudisha zimepita.

Kingine, kwenye nyingi ya hizo PlayStation, hasa matoleo ya mwanzo, sehemu ya kusoma diski imefungamanishwa na ubao mama wake. Ukimruhusu mtu akubadilishie na ya mashine nyingine, magemu ya diski hayasomi. Nimeletewa mashine za namna hiyo, mwenye mali analia.

Mlinda Lango

Mimi nilishindwa, naeleza ili mwingine asishindwe.

Yangu haikutoa picha kabisa tangu siku ya kwanza. Taa inawaka, feni inazunguka, TV inasema hakuna ishara. Nilikuwa na video ya kufungua boksi, nikajiona nimejikinga. Dukani wakamulika tochi kwenye tundu la HDMI la konsoli, ndani pini mbili zimelala. Wakasema nimechomeka waya kinyume kwa nguvu. Mimi naapa sikutumia nguvu, lakini video yangu ilikuwa imeishia pale ninapoitoa mashine kwenye mfuko wake wa ndani ya boksi. Tundu halionekani hata mara moja.

Nilipeleka malalamiko, nikajibiwa kwamba ni uharibifu wa mtumiaji, waranti haihusiki. Nililipia tundu jipya kwa fedha yangu kwenye mashine ambayo sikuwahi kuicheza.

Kwa hiyo ukirekodi, usirekodi boksi. Rekodi stika ya boksi na siriali namba iliyo nyuma ya mashine zionekane zinafanana, kisha zungusha mashine polepole, mulika kila tundu kwa karibu kabla hujachomeka kitu chochote. Dakika tatu tu.

Nilikaa Kaunta

Nimefanya kazi kaunta ya vifaa vya elektroniki miaka 4, sasa nimeacha. Niwaambie kinachotokea upande wa pili.

Siku za mwanzoni msimamizi wa duka ana uwezo wa kukubadilishia yeye mwenyewe, kwa sababu duka linaweza kuirudisha kwa msambazaji kama mzigo uliofika mbovu. Siku hizo zikipita, mlango unafungwa na kilichobaki ni kutuma kwa matengenezo, ambapo unaweza kusubiri wiki kadhaa. Ndiyo maana mteja anayeambiwa "ngoja kidogo tuone" anaumizwa hata kama anayemwambia hana nia mbaya. Siku ya kwanza unayoona tatizo, siku hiyo hiyo andika ujumbe kwa duka. Hata kama huna nafasi ya kwenda, ujumbe wenye tarehe unakulinda.

Tunaangalia sana siriali namba, na msikasirike. Wapo watu wananunua mpya, wanaweka mbovu yao ya zamani ndani ya boksi jipya na kuirudisha. Kwa hiyo siku ya kununua omba siriali namba iandikwe kwenye risiti. Risiti iliyoandikwa "konsoli 1" ilitutesa sisi na iliwatesa wateja. Ipigeni picha pia, zile risiti za karatasi laini zinafutika zenyewe.

Na mteja aliyekuja na ushahidi akazungumza kwa utulivu alinirahisishia, nilikuwa naweza kwenda kumtetea kwa bosi wangu. Ile karatasi ya Mama Kijana ningeipokea kwa mikono miwili.

Msafiri wa Jioni

Sisi wa kununua mtandaoni tuna shida yetu. Muuzaji hakunikatalia hata siku moja. Kila nikiandika ananijibu vizuri, pole sana ndugu, tunalifuatilia, tupe wiki moja. Wiki ikawa miezi miwili. Nilikuwa namwonea hata huruma. Rafiki yangu anayefanya kazi benki ndiye aliyenishtua: nilikuwa nimelipa kwa kadi, na benki yangu ilitoa siku 120 za kupinga malipo. Nilikuwa nimebakiza siku 40 na kitu. Nikajaza fomu, nikaambatanisha mazungumzo yote, picha za namba ya kosa, na uthibitisho kwamba nilijitolea kuirudisha. Hela ilirudi. Muuzaji alijibu benki mara moja tu.

Ukituma mashine nyuma, piga picha ikiwa ndani ya boksi lake, ipime uzito mbele ya anayepokea mzigo, na usiondoke bila namba ya kufuatilia. Boksi na vile vifungashio vya ndani msitupe mapema.

Bint Alasiri

Mimi walinibadilishia, ila waliniletea iliyotengenezwa upya kiwandani. Mashine yangu ilikuwa na siku 11 tu. Nikauliza, nikaonyeshwa kwenye masharti ya waranti ya mtengenezaji kwamba wana ruhusa hiyo. Nilichojifunza ni kwamba waranti ya mtengenezaji na wajibu wa muuzaji ni vitu viwili. Ningeanza kwa muuzaji ningedai mpya au hela. Niliruka moja kwa moja kwa mtengenezaji kwa kuwa namba yao ilikuwa kwenye boksi.

Halafu maendeleo ya mdogo wangu kwenye gemu yote yalipotea. Ilikuwa Nintendo Switch, na sikujua kwamba maendeleo yanakaa ndani ya mashine yenyewe, kadi ya kumbukumbu haiyabebi. Kabla hamjatuma, pandisheni kwenye hifadhi ya mtandaoni kama mnayo, na akaunti muiondoe kwenye mashine inayoondoka.

Mzee wa Pedi

Kuna ambaye hapati haki leo ila kesho akaipata, kwa hiyo msitupe karatasi. Xbox 360 ilitoka mwishoni mwa 2005, watu wakaanza kuona taa tatu nyekundu na mashine imekufa. Wengi walilipia matengenezo mifukoni mwao. Julai 2007 Microsoft ikatangaza waranti ya miaka 3 kwa kosa hilo, ikatenga zaidi ya dola bilioni 1, na waliokuwa wameshalipia matengenezo ya kosa hilo wakarudishiwa. Aliyekuwa na risiti ya fundi rasmi alikuwa na pa kusimamia.

Sheria nazo zinatofautiana, kila mtu asome ya kwake. Uingereza, kwa sheria yao ya 2015, una siku 30 za kukirudisha kitu kibovu na kupewa hela yote, na baada ya hapo muuzaji ana nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Kosa likijitokeza ndani ya miezi 6, linahesabiwa lilikuwepo tangu mwanzo, muuzaji ndiye athibitishe vinginevyo. Umoja wa Ulaya wajibu wa muuzaji ni miaka 2 kwa uchache. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa nani, hapo ndipo kesi inaposhindwa au kushinda.

Kijana wa Zamu

Wakuu nimesoma uzi wote, yangu leo siku ya 9. Feni inanguruma kama inakwaruza kitu, na pedi inamsogeza mchezaji kushoto bila kuguswa. Niende na vyote au kimoja kimoja?

Fundi Soketi

Vyote kwa pamoja, kaka, kesho asubuhi. Feni irekodi chumba kikiwa kimya, simu karibu na matundu ya hewa. Pedi iweke mezani bila kuishika, urekodi skrini na pedi kwa pamoja. Kale kajiti ka kumsogeza mchezaji ndani yake kana kipande kinachosuguana na kulika, lakini siku 9 hakakupaswa kuwa kamelika.

Kijana wa Zamu

Mrejesho. Mashine wamenibadilishia pale pale, siriali namba mpya wameiandika kwenye risiti na kugonga muhuri. Pedi wamesema wanaituma, nisubiri. Je, waranti ya mashine mpya inahesabiwa tangu leo au tangu nilipoinunua ile ya kwanza?

Nilikaa Kaunta

Kwa duka nililofanyia kazi ilikuwa inaendelea ile ya kwanza, na wateja wengi hawakulijua hilo. Kwa kuwa bado uko jirani nao, rudi leo wakuandikie tarehe ya mwisho ya waranti kwenye risiti hiyo hiyo. Na pedi usiiache bila karatasi ya kupokelewa.