Naomba ushauri: paka mweusi, Idi na simu yangu

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Tanga, Ngamiani. Idi inakaribia na wanangu wameshasema mwaka huu Chausiku lazima awemo kwenye picha. Chausiku ni paka wetu, mweusi tii, hana hata doa.

Idi iliyopita nilipiga picha zaidi ya 40. Nilichopata: mkia, sahani ya tambi na kiwingu cheusi juu ya mkeka. Nikiwasha flashi, macho yanawaka kijani kama ya jini. Nikiizima, akitikisa sikio tu picha inatoka ukungu. Saa kumi na moja jioni, kivulini barazani, angalau manyoya yalionekana. Ila jioni ya Idi barazani watoto wamejaa na fataki zao, naye yuko uvunguni. (Kofia ya Idi msinishauri, makovu ninayo.)

Je, nimpige asubuhi dirishani, kabla watu hawajarudi kuswali? Niguse wapi kwenye skrini ili simu imsome yeye, si ukuta mweupe? Na atazameje kamera bila dagaa? Dagaa anakula, anaondoka zake.