Ukoo wa Bi Mwanaidi

Salma: Asalaam aleikum wote. Tumefika Kotagiri salama. Mama hakutapika na kona zote zile, alhamdulillah.

Shangazi Zuhura: Waleikum salaam mwanangu. Kotagiri ndiyo wapi tena? Si mko hospitali Coimbatore, huko India?

Salma: Tumeruhusiwa shangazi. Goti linaendelea vizuri, daktari anataka kumwona tena wiki ijayo. Joto la Coimbatore lilimchosha, nikaomba ruhusa nimpandishe Milima ya Nilgiri. Ni karibu mita 1,800 huku, hewa ya Lushoto kabisa.

Mjomba Hamisi: Mbona hamkwenda Ooty? Wote ndiko wanakokwenda.

Salma: Ndiyo sababu mjomba. Ooty kuna foleni hadi serikali imeweka kibali cha mtandaoni kwa magari ya wageni, tangu 2024. Hata sisi tuliomba. Ila huku Kotagiri hakuna reli, wageni wengi wanapitia mji wa Coonoor, ndiyo maana kumetulia. Mgonjwa anahitaji utulivu.

Dada Rehema: Mama anafanya nini sasa hivi?

Salma: Yuko barazani na shuka mbili. Anawatazama kinamama wanaochuma chai. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mkono haupumziki. Kaniambia wanastahili mshahara mnono.

Shangazi Zuhura: Kasema kweli. Maji anakunywa ya moto?

Salma: Ya moto, kwenye chupa ya chuma. Za plastiki wamezipiga marufuku wilaya nzima.

Mjomba Hamisi: Salma, msishuke na gari! Nendeni Coonoor mpande treni ya mvuke. Katikati ya reli mbili kuna reli ya meno, na injini ina gurudumu la meno linalong'ata hapo isiteleze. Ikipanda inasukuma mabehewa kwa nyuma, ikishuka inatangulia kuyazuia. Imefika Coonoor 1899! Miaka yote niliyofanya kazi reli Tanga nimetamani kuiona.

Shangazi Zuhura: Hamisi, na goti lile?

Salma: Nimeshakata tiketi shangazi, daraja la kwanza. Coonoor hadi Mettupalayam, chini ya milima, ni saa mbili na ushee. Akichoka, tunakwenda na teksi, tiketi ipotee tu.

Shangazi Zuhura: Hapo sawa. Mfunge na mtandio kichwani, upepo.

Mjomba Hamisi: Salma, kabla hamjapanda nirekodie yale meno. Piga kwa karibu, milima niachie.