Tovuti moja inaomba OTP, nyingine inakata pesa moja kwa moja. Kwa nini?

Mlipaji_Dar
Wakuu, naombeni ufafanuzi. Nina kadi ya Visa ya benki ya hapa Tanzania. Tovuti ya Ulaya inafungua ukurasa wa kuomba OTP (namba ya siri ya kutumia mara moja), meseji haiji, muda unaisha, malipo yanakataliwa. Tovuti ya Marekani inachukua namba ya kadi, tarehe na CVV (tarakimu tatu za nyuma ya kadi), pesa inakatwa bila swali. Tatizo ni benki, muuzaji au simu? Na hiyo isiyouliza ni salama?

Swichi
Mkuu, anayeomba OTP si muuzaji, ni benki iliyokupa kadi. Mfumo ni 3-D Secure, wa kuhakiki mwenye kadi mtandaoni. Kwenye kadi zako wanauita Visa Secure, upande wa Mastercard ni Identity Check. Muuzaji akituma ombi, benki inapima kiasi, kifaa na mazoea yako, kisha ama inapitisha kimya kimya ama inakuuliza. Kwa hiyo usipoulizwa, huenda benki imeridhika, au muuzaji hakutuma ombi kabisa. Ulaya sheria ya malipo iitwayo PSD2 ilianza kudai uhakiki huu tarehe 14 Septemba 2019. Kadi za huku haizibani, ila wauzaji wengi wa kule wameshazoea kutuma kwa kila kadi. Marekani hakuna sheria ya namna hiyo, na wengi wanaogopa mteja ataishia njiani.

Usalama: wizi ukipita bila uhakiki, kwa kawaida hasara humwangukia muuzaji. Ukipita kwa OTP, hasara inahamia benki, na benki itakwambia namba uliiingiza mwenyewe. Hapo ndipo watu wanapoumia.

MamaKadi
Meseji kutokuja, anza na ule ukurasa wa OTP. Mara nyingi unaonyesha tarakimu za mwisho za simu, mfano *482. Je, ni za laini unayotumia? Namba ya simu ya kwenye kadi inaweza kuwa imehifadhiwa kando na ya huduma za benki kwa simu, kwa hiyo kubadilisha moja hakugusi nyingine. Tawini sema wazi: "badilisheni namba ya simu kwenye kadi".

Usibonyeze "tuma tena" mfululizo. Kwa kawaida kila OTP mpya inaua ya zamani. Mtandao ukiwa mzito zinafika kwa mkupuo, unaingiza iliyokwisha kufa. Ukikosea mara kadhaa, benki inaweza kufunga kadi. Ukiwa nje ya nchi, laini iwe na roaming (huduma ya kutumia laini ukiwa nje), wifi peke yake haitoshi.

Ukurasa ukiwa mweupe tu, hilo ni la kivinjari. Zima kizuia matangazo, na usilipie ndani ya Facebook au Instagram. Fungua kiungo kwenye Chrome.

Mlipaji_Dar
Asante dada. Tarakimu ni za laini niliyoacha zamani.

Swichi
Basi usingoje. Laini iliyoachwa hurudishwa sokoni, na aliyeichukua ndiye anayepokea OTP zako. Leo zima malipo ya mtandaoni kwenye programu ya benki au uwapigie wakuzimie. Nenda tawini na kitambulisho cha NIDA, kisha jaribu kwa kiasi kidogo. Meseji ikija, soma jina la muuzaji na kiasi kabla hujaingiza namba. Visipolingana na unacholipia, acha hapo hapo.