Buddha wa Zumaridi: Thailand iirudishe Laos au basi?

Chaguo la Moyo: Wakuu, sanamu ya Buddha wa Zumaridi iliyoko katika hekalu la Wat Phra Kaew, Bangkok, ilibebwa na jeshi la Siam (Thailand ya zamani) kutoka Vientiane, mji mkuu wa Laos ya leo, mwaka 1779. Hekalu lililoitunza Vientiane sasa ni makumbusho. Irudi au muda umeshapita?

Mkaa Barazani: Irudi kwa nani? Mfalme Setthathirath wa Lan Xang, ufalme wa kale wa Walao, mwenyewe aliitoa Chiang Mai, ambayo leo iko Thailand. Basi na Chiang Mai wapange foleni. Halafu bila Mfaransa kumnyang'anya Msiam ardhi hiyo 1893 kusingekuwa na nchi inaitwa Laos. Wamshukuru, sanamu waiache.

Nusu Shilingi: WAMSHUKURU? Fa Ngum kaunda Lan Xang 1353, Mfaransa gani alikuwepo?

Mkaa Barazani: Lan Xang ilishapasuka vipande vitatu, Luang Prabang, Vientiane na Champasak, vyote vikaangukia kwa Siam. Soma kwanza, dada.

Nusu Shilingi: Mimi mwanaume. Na huyo Mfaransa wako alichukua ng'ambo ya mashariki ya mto Mekong, sehemu kubwa ya magharibi akamwachia Msiam. Leo watu wenye asili ya Lao walioko Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, ni wengi kuliko Walao wa Laos yenyewe. Hiyo ndiyo hisani?

Bibi Tatu: Setthathirath alikuwa mfalme wa Chiang Mai kabla ya kurudi kurithi kiti cha baba yake. Msimwite mwizi kirahisi.

Mkaa Barazani: Watu wa Isan ni Wathai, nani kakutuma uwagawe?

Nusu Shilingi: Wengine babu zao waliswagwa kuvushwa mto kwa nguvu. Chao Anouvong, mfalme wa Vientiane chini ya Siam, alipoasi, Vientiane ikateketezwa, yeye akafungiwa kwenye kizimba cha chuma Bangkok watu wamtazame mpaka akafa, 1829. Hilo nalo uliite undugu.

Mkaa Barazani: Aliyeanza vita nani? Waulize wa Korat, mji wa hukohuko Isan. Wana sanamu ya Thao Suranari, mwanamke aliyewatoa jasho askari wa huyo Anouvong wako.

Bibi Tatu: Ilisimamishwa 1934, mwaka mmoja baada ya maasi ya Boworadet dhidi ya serikali, yaliyotokea hukohuko Korat. Serikali ilikuwa inatafuta ushahidi wa utii, mwanangu. Laos nao wakasimamisha sanamu ya Anouvong kando ya Mekong 2010.

Chaguo la Moyo: Jamani, sanamu irudi au isirudi?

Mkaa Barazani: Ipi sasa, ya Korat?

Bibi Tatu: Phra Bang, sanamu nyingine ya Buddha ya Walao, nayo ilichukuliwa 1779, ikarudishwa, ikachukuliwa tena 1828, ikarudishwa 1867. Kwa hiyo kurudisha wanajua. Ya Zumaridi ndiyo hawatoi, maana nasaba ya Chakri inayotawala Thailand imejengwa juu yake: aliyeibeba ndiye aliyekuja kuwa Rama wa Kwanza.

Nusu Shilingi: Barazani, kuhusu Mfaransa hujajibu.

Mkaa Barazani: Nimejibu. Wewe unataka nijibu kwa Kilao?