Tupeane uzoefu: mtoto si Mkatoliki, shule ni ya masista

Mleta mada, Moshi
Wapendwa, habari za jioni. Binti yangu yuko kidato cha kwanza, bweni, shule ya masista. Wiki ya kwanza kwenye sala ya jioni, wenzake walipofika "utuopoe maovuni, amina," yeye akaendelea peke yake kwa sauti: "Kwa kuwa ufalme ni wako…" Bwalo zima likageuka kumtazama. Sisi ni Waluteri wa Machame, sala bila kile kipande tunaona haijaisha. Usiku akalia. Asubuhi sista matroni akamwita, nikajua kasemwa. Kumbe aliambiwa tu: Jumapili kwenye Misa tega sikio, padri akishasali kidogo baada ya "maovuni" utasikia kitu. Akatega. Kanisa zima likasema "kwa kuwa ufalme ni wako." Sasa yuko kwaya.

Bibi yake ndiye hajakubali. "Mmempeleka kwa Waroma?" Wenyeji wa mlimani mnaelewa: mapadri wa Roho Mtakatifu Kilema 1891, wamisionari Waluteri wa Leipzig, Ujerumani, Machame 1893, na kila upande ukashika dini ya aliyetangulia kubisha hodi. Zamani kuolewa ng'ambo ya mto ilikuwa kesi ya ukoo mzima.

Nyie wenzangu yamewakuta yapi? Na swali langu hasa: wakati wa komunyo anabaki kwenye benchi peke yake, watu wanampita magotini. Mliwaambiaje watoto?

Baba wa watatu, Ngarenaro
Mimi Muislamu, kijana wangu yuko kwa mapadri. Sala haikunipa shida, aliniuliza nikamwambia simama kwa adabu, nyamaza. Shida ilikuwa jikoni. Siku ya mahafali walipika kitimoto, na mwiko ule ule ukaenda kugeuza wali. Dogo akashinda na soda na ndizi. Nilimpigia mkuu wa shule nikiwa nimepanda, ila padri alinisikiliza mpaka mwisho, hata sikuwa na la kuongeza. Nilipokwenda kumtembelea nikaonyeshwa: sufuria yao pembeni, mwiko umefungwa uzi mwekundu mpini. Mpishi anaulinda kama simu yake.

Halafu 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia siku chache baada ya Ramadhani kuanza. Uji wa daku ulikuwa unaachwa kwenye chupa ya chai. Rafiki yake mmoja wa Rombo akaapa na yeye atafunga kavu hadi magharibi. Saa sita mchana akakutwa nyuma ya jiko anakwangua ukoko.

Mjomba mtu, Longido (niko Sakina)
Mimi sina hadithi tamu. Mpwa wangu ni Mmasai, ana masikio yaliyotobolewa. Mwalimu wa hesabu hakuwahi kumwita jina lake, ni "Yero, njoo ubaoni, ng'ombe umemwachia nani?" Darasa linacheka. Mkisema mnaambiwa ni utani. Utani una watani wake. Mchaga na Mpare watukanane mpaka msibani, hakuna atakayenuna, wote wana ulimi. Mtoto wa miaka kumi na minne atamjibu nini mwenye chaki na fimbo? Tulikwenda, mkuu wa shule akamuita mwalimu, akaomba radhi. Ofisini, mlango umefungwa. Matusi aliyatoa mbele ya watoto arobaini. Mpwa wangu hajaacha shule, lakini hesabu kaacha.

Mdau, Kiboriloni
Heshima utapewa ukishamaliza ada.

Mwalimu mstaafu, Kibosho
Mjomba wa Longido, pole, una haki. Radhi ilipaswa kutolewa pale pale ubaoni.

Mimi nilianza kazi shule za misheni zikiwa zimeshachukuliwa na serikali kwa sheria ya 1969. Watoto wakaja wa kila dini na kila mkoa, mabweni tukachanganya kwa makusudi. Baadaye nikafundisha shule ya jimbo, na wapo wazazi waliotaka Waislamu wachache wa pale wahudhurie kipindi cha dini chetu, "si wamekuja wenyewe?" Paroko aliwajibu kwa tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la 1965, kwamba Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima. Kipindi kile kile shekhe akawa anapewa darasa la mwisho karibu na bustani. Alikuja na baiskeli. Mvua ikinyesha kipindi kiliisha, chai ikaanza, akaondoka jioni.

Niliyesoma huko, sasa Njiro
Mama wa Machame, kuhusu benchi: mimi pia nilipitwa magotini, muhula mzima. Mwambie ahamie la nyuma, upande wa mlangoni. Letu lilijaa: Waluteri watatu, Msabato, Muislamu mmoja anayependa kwaya, na Mkatoliki mmoja ambaye hakuwa ameungama tangu Krismasi. Sweta za wanaokwenda kukomunika tulishika sisi.