Picha za mtaani Kariakoo kwa DSLR na lenzi ya 18-55: fokasi inahangaika na watu wananing'aka

Mpenda_Vivuli

Wakuu, habari za humu. Nina DSLR (kamera ya kubadilisha lenzi) ya Canon na lenzi yake ya kawaida, ya milimita 18-55. Ninapiga Kariakoo, zaidi mitaa ya Kongo na Msimbazi, kati ya saa 5 na saa 8 mchana. Kamera inatafuta fokasi mpaka mtu keshapita. Nyuso zinatoka nyeusi, ukuta wa nyuma umeungua. Na linalochosha zaidi, nikiinua tu kamera nasikia "unapiga picha ya nini wewe?" Wazoefu mnafanyaje?

FokasiMkono

Mkuu, acha kuitegemea fokasi ya kamera. Kwenye msongamano wa Kongo inadaka chochote kilicho karibu: gauni lililoning'inia, ukingo wa mwavuli, bega la mtu.

Weka lenzi kwenye 18, apacha (tundu la lenzi la kupitisha mwanga) f/8. Simama mita 2 kutoka kwenye nguzo, ifokasi hapo, kisha sogeza swichi ya pembeni ya lenzi kutoka AF (fokasi ya kamera) kwenda MF (fokasi ya mkono). Usiiguse tena. Kuanzia kama mita 1 hadi zaidi ya mita 20, kila kitu kitakuwa kikali vya kutosha. Lenzi hizi hazina alama za umbali na pete ya fokasi ni nyepesi mno, ikisuguana na shati tu imezunguka, kwa hiyo ishike kwa selotepu ya karatasi. Ukigusa zumu, anza upya kwenye nguzo. Na usijaribu haya kwenye 55: kwa f/8 na mita 2 unabakiwa na kama sentimita 40 tu za ukali, mtu akipiga hatua moja katoka.

Shata, yaani muda wa kupokea mwanga, iwe sekunde 1/500 kwa waenda kwa miguu, 1/1000 kwa bodaboda au mkokoteni unaoteremka na mzigo. Tumia M, unapopanga kila kitu mwenyewe. Juani ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 200, f/8, 1/800. Ukiingia kivulini, ISO 1600 na 1/500. Hizo seti mbili zikikukaa kichwani huhitaji kutazama kipimo kila mara, na kipimo chenyewe kinadanganywa sana pale: kanzu nyeupe au bati jipya likijaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga umezidi na inamtia giza mwenye uso.

Nyuso nyeusi ni suala la saa unazokwenda na upande unaosimama. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua la Dar linapita utosini kabisa, na miezi mingine saa sita mchana bado liko juu mno. Macho yanazama kwenye kivuli cha paji la uso. Nenda saa 2 hadi saa 3:30 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni. Ukilazimika mchana, tafuta ukuta mweupe unaopigwa na jua, uupe mgongo, piga wanaokujia upande wa kivuli. Ukuta ukiwa nyuma yako unawamulika, ukiwa nyuma yao unawazima. Piga RAW, faili ghafi la kamera.

Winga_wa_Mwanga

Hapo juu kamaliza mambo ya kamera. Kariakoo kikwazo kikubwa ni mfanyabiashara anavyoitafsiri hiyo kamera.

Mwenye duka akiiona anawaza TRA, watu wa kodi, na risiti za mashine ya EFD. Mwenye mzigo wa nembo za kuiga anawaza watu wa Tume ya Ushindani. Machinga aliyepanga chini anawaza mgambo, hasa tangu lile zoezi la kuwahamisha pembezoni mwa barabara mwaka 2021. Hakuna anayewaza sanaa! Kwa hiyo usielekeze lenzi kaunta ya fedha, daftari la mauzo, boksi zinazofunguliwa wala mtu anayehesabu noti. Ukiziacha hizo nne, ugomvi unapungua sana.

Usipige na kukimbia. Chagua kona moja, kaa dakika 30 hadi 40 kamera ikiwa kifuani inaonekana, nunua maji au kahawa pale pale, salimia. Ongea kwanza na mawinga, wale wanaovuta wateja, kwa sababu wao ndio wanaojua kila mgeni kaja kufanya nini, na neno lao linafika duka la kumi kabla yako. "Shikamoo mzee, naomba nikupige ukiwa kazini" inatosha. Akikataa, teremsha kamera na ushukuru. Akitaka hela ya soda, amua wewe, ila ukimpa mmoja jiandae na foleni. Kuonyesha picha kwenye skrini kunafaa kuliko hela, na kuirudisha ikiwa imechapwa kunafaa kuliko vyote.

Ulinzi: mkanda uzungushe mkononi, begi liwe mbele, kamera iwe upande wa maduka. Wanaokwapua kwa bodaboda wanatokea upande wa barabara. Na Msimbazi usirudi nyuma huku unaangalia skrini, njia ya mwendokasi iko katikati pale.

dada_wa_Gerezani

Sikubaliani na kuomba kila mara. Ukimwomba mbeba mizigo ananyooka na kutabasamu, picha uliyoiona imeshakufa. Piga kwanza, kisha mwangalie, mpungie mkono, mwonyeshe. Akisema futa, futa mbele yake. Isipokuwa watoto: hapo mzazi kwanza, bila mjadala.

Kuhusu sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Kuitumia kutangaza bidhaa bila idhini ya maandishi ni kujitafutia kesi. Jirani zetu Kenya, mwaka 2023 ofisi yao ya ulinzi wa data ilikitoza kiwanja kimoja cha starehe Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia. Vituo vya polisi na askari walioko kazini, pita navyo mbali. Ndani ya soko kuu, chini ya ile miavuli ya zege ya msanifu majengo Beda Amuli iliyofunguliwa 1975, uko kwenye eneo la Shirika la Masoko, kwa hiyo omba ofisini kwanza.

Mpenda_Vivuli

Asanteni sana. Mawili bado. Chini ya maturubai nyuso zinakuwa za bluu hata nikibadilisha rangi kwenye kompyuta. Na jioni kwenye maduka ya simu nikipiga kwa simu, picha inakuwa na mistari myeusi. Lenzi imeharibika?

FokasiMkono

Lenzi nzima. Bluu haitoki kwa sababu ni nusu ya mwanga tu iliyopita kwenye turubai, nusu nyingine imeingia pembeni ikiwa nyeupe. Ukirekebisha shavu moja, la pili linakuwa la chungwa. Sogea hadi ukingo wa turubai, hatua moja tu ndani, ambapo mwanga wa wazi unaushinda ule wa juu. Ikishindikana, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe na usijisumbue. Mwavuli mwekundu ni mbaya kuliko bluu, maana unafuta mikunjo yote ya ngozi.

Mistari ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za LED za bei rahisi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na simu inasoma picha mstari kwa mstari. Weka shata ya simu 1/100 au 1/50, mistari inaondoka. Kwa 1/100 anayetembea ataacha ukungu, basi ngoja anaposimama kuuliza bei. Na zima HDR ya simu, inaunganisha picha kadhaa na kumpa mpita njia miguu mitatu.

Winga_wa_Mwanga

Ongezea: ukitoka kwenye gari lenye AC, iache kamera ndani ya begi lililofungwa dakika 15 hadi 20 ndipo uitoe. Ukiitoa mara moja kioo kinajaa mvuke. Usiufute kwa shati, vumbi la Kongo lina mchanga.