Tupeane uzoefu: Kituo unachoshukia kina jina la kitu ambacho hakipo tena?

Mkazi wa Ubungo:
Habari zenu wakuu. Wiki iliyopita nimepokea mgeni, mdogo wake shemeji yangu, katokea Mbeya. Nikamwelekeza kwenye simu: ukishuka stendi ya Magufuli panda daladala yoyote inayopita Ubungo, mwambie konda akushushe Terminal, nisubiri hapo. Dogo kashuka, kazunguka weee, kanipigia: "Kaka, hapa hamna terminal, kuna maghorofa ya maduka."

Na hajakosea. Mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi Luis, kwenye hiyo stendi ya Magufuli, mwaka 2021, na ule uwanja tuliokuwa tukikimbizana na wapiga debe sasa ndiyo kile kituo cha biashara cha Afrika Mashariki, maduka zaidi ya 2,000, kilichofunguliwa Agosti 2025. Ila midomoni mwetu bado Terminal.

Mwaka 2022 ilipita operesheni ya anwani za makazi, mtaani kwetu wakasimika nguzo yenye jina la barabara, kila nyumba ikapata namba yake. Sijawahi kusikia mtu akimwelekeza bodaboda kwa jina lile. Mpaka leo tunasema "pale palipokuwa na kinyozi".

Haya, tupeane. Kwenu mnashukia wapi, na hicho kitu kilienda wapi?

Suka Mstaafu:
Mkuu umenigusa. Nimeendesha daladala za Mwenge miaka mingi, na Sinza kwa Remmy nilikuwa nashusha kila siku. Dk. Remmy Ongala mwenyewe alifariki Desemba 2010. Wakati wake ungemkuta hapo hapo mtaani, mwanamuziki mkubwa wa bendi ya Super Matimila lakini anasalimiana na kila mtu, mwishoni akawa ameokoka anaimba injili. Hakuna aliyetoa tamko kwamba kituo kiitwe hivyo. Konda mmoja kaita, abiria kaitika, basi.

Kilichonichekesha ni hawa vijana wa sasa. Siku moja nimepanda kama abiria, kuna binti na mwenzake, mmoja anauliza Remmy ni nani. Mwenzake akamjibu kwa kujiamini kabisa: "Si yule mwenye baa." Nikataka kugeuka nimweleze, kuanzia Kindu alikozaliwa kule Kongo mpaka Dar. Konda akawa ameshagonga bati, "wa Remmy ashuke!", wakashuka zao.

Binti Tabata:
Nyie mna majina mazuri. Mimi nimekulia Tabata Dampo.

Kwa wasiojua, pale palikuwa dampo la jiji kweli. Takataka za Dar zote zinakuja kumwagwa na kuchomwa, moshi unaingia mpaka kwenye sufuria. Wakazi wakachoka, mwaka 1988 wakaipeleka halmashauri ya jiji Mahakama Kuu na wakashinda. Hiyo kesi wanaosoma sheria ya mazingira wanaijua. Hata baada ya hukumu jiji lilivutavuta miguu, lakini mwisho magari ya taka yakahama, leo yanaishia Pugu Kinyamwezi. Dampo likaondoka, jina tukaachiwa sisi.

Baba alipochimba shimo la choo, udongo uliotoka sijawahi kuuona kwingine: vipande vya chupa, makopo yaliyooza kutu, nailoni zimebanana kama kurasa za kitabu. Sisi watoto tukawa tunaokota vizibo vya soda vya zamani tunachezea.

Sasa njoo kwenye posa yangu. Washenga wanatoka Moshi, wamekodi Noah, suti zimenyooshwa. Mjomba wa mchumba akampigia dereva wa mtaani awaelekeze njia, akajibiwa, "Nyoosheni mpaka Dampo." Mzee wa watu akaagiza gari lisimame. Akamuuliza mpwa wake mbele ya watu: "Huyo binti anakaa wapi?" Mume wangu, wakati huo mchumba, akaona aibu, akasema, "Tabata, mjomba." "Tabata ipi?" Kimya. Walikaa kando ya barabara wakijadili kama waendelee, huku kwetu pilau inapoa na shangazi zangu wamechoka kutazama getini.

Walikuja. Na yule mjomba ndiye aliyeongeza sahani. Lakini hadi leo tukikutana kwenye sherehe ananisalimia, "Hujambo mwanangu wa Dampo."

Kijana wa Kimara:
😂😂 dada pole. Mimi nakaa Kimara Mwisho, wala si mwisho wa kitu chochote. Kuna Stop Over, Suka, Temboni, Mbezi, unakwenda mpaka Kibamba na nyumba zimeungana tu. Kila mgeni wangu akisikia "Mwisho" anaanza kuuliza kama umeme upo.

Mama Wawili, Msasani:
Marehemu mzee wangu hakuwahi kusema "ubalozi wa Marekani". Alisema Drive-in. Pale ulipojengwa ubalozi baada ya ule wa zamani kulipuliwa mwaka 1998 ndipo palipokuwa sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari. Wenye magari walikuwa wachache, na mzee alikiri kuwa yeye na wenzake walitazama kwa nje, picha bila sauti. Walikuwa wanajitungia maneno. Siku hizi jaribu kusimama nje ya ule ukuta unyooshe shingo, uone kama hutaulizwa shida yako.

Msee wa Ruaraka:
Sisi Nairobi ni hivyo hivyo. Mwambie mtu mkutane Globe, atafika, na hajawahi kuona sinema hapo maishani. Odeon pia: ni stage ya matatu tu. Thika Road tuko na Drive-In, makanga anaita "Drive-In mko?" na watu wanashuka wakienda kwao bila hata kuwaza kwamba hapo Fox Drive-In ilikuwa inajaza magari wikendi. Mbele yake Allsops. Hiyo ilikuwa kampuni ya bia, lakini uliza watu kumi, tisa watakwambia ni jina la mtaa. Barabara yenyewe ilipopanuliwa na kumalizwa 2012 nilidhani majina yatapotea. Wapi! Yalipanda juu ya madaraja ya miguu pamoja na sisi.

Ile inanisumbua ni Nakumatt. Hilo duka lilikufa, 2020 waliokuwa wanalidai wakapiga kura lifungwe kabisa. Mimi bado nasema "shukisha Nakumatt". Juzi makanga mmoja, kijana mdogo, akaniuliza, "Nakumatt gani, mzee?" Matatu nzima watu wa rika langu wakaangua kicheko, mwingine nyuma akamwambia, "Wewe shukisha tu, tunajuana." Hapo ndipo nilijua nimezeeka.

Mzenji:
Sie Unguja tuna Darajani, na daraja hulioni. Zamani mkono wa bahari uliingia kati ya Mji Mkongwe na upande wa pili, ndiyo maana upande ule ukaitwa Ng'ambo. Yakafukiwa maji, ikabaki barabara, nayo siku hizi inaitwa kwa jina la Rais Mkapa, ingawa wazee bado Creek Road. Kwa hiyo unakwenda Darajani bila daraja, unavuka kwenda Ng'ambo bila maji.

Nilipokuwa skuli nilikuwa nikitembeza wageni nipate vijisenti. Mzungu mmoja akashikilia lazima alione hilo daraja, kalisoma kitabuni. Nimemzungusha sokoni, lile la 1904, nimempitisha kwenye pweza na viungo, kila tukitoka upande mmoja anauliza, "The bridge?" Mwisho nikamsimamisha katikati ya barabara, daladala zinatupigia honi, nikamwambia ndiyo hapa umesimama juu yake. Akapiga picha lami.

Mkazi wa Ubungo:
@Mzenji hiyo picha ya lami naitafuta 😂. Wa kule kunakojengwa sasa hivi je? Goba, Madale, Bunju? Majina yenu yanazaliwaje?

Wa Goba Ndani:
Yetu nimeyaona yakizaliwa. Kulikuwa na mama anakaanga chapati chini ya mwembe, makonda wakawa wanakula hapo asubuhi, basi kituo kikawa Kwa Mama Chapati. Barabara ikachongwa, mwembe ukakatwa, mama akahamia Bunju kwa mwanawe. Akaja bwana mmoja kafungua duka la vifaa vya ujenzi, saruji, nondo, mabati, kaweka bango kubwa lenye jina lake na chini yake neno KITUO. Hakuna aliyelitumia.

Akaona isiwe tabu. Akawa anawapa makonda buku buku watangaze jina la duka. Walitangaza siku chache, kwa sauti kabisa. "Hadwea, Hadwea, wa Hadwea!" Abiria tumekaa tunatazamana, gari linapita, mama mmoja akapiga kelele: "We konda, umenipitisha Kwa Mama Chapati!"